Marehemu Anayekuja Kuchukua Dawa

Kimandolu, 3 Machi 1913

Basi, kama nilivyokuwa nikikueleza pale karatasi iliponiishia, kaka yangu Thomasi, ni masikio yake. Ukimtazama Mikaeli hivi hivi ni mtu wa kawaida, mrefu kiasi, mpole kiasi. Lakini akisimama mlangoni mwa nyumba ya dawa asubuhi, jua likiwa nyuma yake, masikio yale huwa mekundu kama buni mbivu, na mimi hujikuta nimesimama na ndoo ya maji mpaka mtu aniulize kama nimeshikwa na homa.

Shikamoo, kaka. Nimeanza na masikio kabla ya salamu, unisamehe. Ndoa ya wiki saba imeniharibu adabu. Mama hajambo huko Nkoaranga. Anasema mvua imeangusha migomba mitatu na kwamba wewe hujasema kama unakula. Andika kwamba unakula, hata kama huli. Sisi hapa ni wazima. Tumepewa chumba kimoja nyuma ya nyumba ya dawa, kinanuka iodini mpaka kwenye mto wa kulalia, na mimi siku hizi nikisikia harufu ya iodini moyo hunienda mbio kama mbuzi aliyefunguliwa. Mikaeli anaosha chupa huku akiimba sauti ya tatu ya nyimbo za kanisani, sauti ya tatu peke yake, bila ya kwanza wala ya pili. Nimejifunza kuipenda.

Sasa nikueleze habari yenyewe. Unajua Bwana Daktari huja hapa mara moja kila wiki mbili akiwa juu ya nyumbu, na siku nyingine zote Mikaeli ndiye mwenye nyumba. Ana kitabu cha wagonjwa kilichopigwa mistari na Daktari mwenyewe, nacho kina nafasi nne: Homa, Tumbo, Kidonda, Jino. Kila mgonjwa lazima aingie katika nafasi moja. Mikaeli aliwahi kuomba nafasi ya tano ya "Mengineyo". Daktari akamjibu kwamba mengineyo si ugonjwa.

Jumatatu iliyopita alikuja mtu mzima, mwembamba, Mwarusha wa Kijenge. Alifika kabla ya wote, akakaa kwenye gogo akingoja kwa adabu. Mikaeli akamwuliza, "Unaumwa wapi, baba?"

"Siumwi. Nimekufa."

"Tangu lini?"

"Tangu mavuno ya mahindi."

Mikaeli akapitisha kidole juu ya nafasi zote nne za kitabu. Nilikuwa nakunja bendeji, nikaona masikio yanaanza kuwaka. Mwishowe akaandika Tumbo, kwa hoja kwamba mtu akifa, tumbo nalo haliwezi kuwa zima. Akampa chumvi ya kuharisha.

Kesho yake mtu yule akarudi, wa kwanza tena. "Dawa imefanya kazi?" Mikaeli akamwuliza.

"Imefanya kazi sana. Lakini bado nimekufa."

Akaandikwa Homa, akapewa kwinini. Siku ya tatu akaandikwa Jino, na hapo ndipo nilipomzuia mume wangu kwa mkono, maana alikuwa amekwisha kushika koleo.

Tumeuliza habari zake. Jina lake ni Simel, mwana wa Mzee Lerionka. Mwaka juzi alichukuliwa kwenda kufanya kazi ya mkonge huko chini, upande wa Korogwe. Mwaka jana jumbe alitoka Boma na habari kwamba amekufa. Kwao wakanyoa nywele, wakalia, wakaliweka jina lake mbali, kwa sababu nyumbani kwa Mzee Lerionka jina la aliyekufa halitamkwi tena. Kulitamka ni kumwita arudi, na akirudi huwa harudi peke yake. Baada ya miezi minne jioni moja akaingia kwa miguu yake. Mkewe Nanyori aliangusha kibuyu cha maziwa. Watoto walikimbilia kwenye zizi. Mbwa peke yake ndiye aliyempokea, lakini mbwa hamwiti mtu jina. Wamempa mahali pa kulala, hawakumfukuza, wala hawana ubaya naye. Ila hakuna anayelitaja jina, hakuna anayempa chakula mkononi, na watoto humwita "yule". Naye kwanza alibisha, kisha akachoka, kisha akakubaliana nao.

Kaka, je, huko si upande wako? Wewe ni karani, mnajuana makarani wote. Hebu niulizie ni watu wa shamba gani walioandika habari hiyo, ili warekebishe.

Mikaeli anakusalimu. Amesema niandike "kwa heshima nyingi". Hata akisema "kwa heshima nyingi" mdomo wake una namna yake.

Mdogo wako,
Tabea

~

Karibu na Korogwe, 9 Aprili 1913

Mdogo wangu Tabea,

Marahaba. Barua yako imefika baada ya mwezi, imelowa pembe moja. Nakula. Mwambie Mama nakula mara mbili kwa siku na siku za Jumapili mara mbili na nusu. Mvua huku imekata njia ya gari moshi, ndiyo sababu barua zinachelewa, kwa hiyo nikichelewa kujibu usidhani vingine. Nimenunua viatu kwa Mhindi mmoja, vyote viwili vya mguu wa kulia. Nilipovirudisha akasema mguu wangu ndio wenye kosa.

Habari za masikio ya shemeji nimezisoma mara mbili. Nafurahi. Mtu aliyeoa asipopendwa kwa masikio atapendwa kwa nini.

Kuhusu yule mgonjwa wenu, mashamba ya mkonge huku ni mengi, na watu ni wengi, na makarani nao ni wengi. Mimi siwajui wote. Nakushauri usijishughulishe sana na karatasi za serikali. Karatasi hizo hazipendi kuamshwa. Mpeni mafuta ya mbarika.

Kahawa ya Mama imeanza kuzaa? Mti ule wa karibu na mfereji nilioupanda mimi bado upo?

Na je, mguu wa kushoto wa yule mgonjwa umepona?

Kaka yako,
Thomasi

~

Kimandolu, 2 Mei 1913

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Mti wa karibu na mfereji upo na umezaa. Mama amesema asiyekuja kuchuma mwenyewe asiulize. Mama ni mzima. Amesema pia kuwa viatu viwili vya mguu wa kulia vinamfaa mtu asiyependa kurudi nyumbani, kwa sababu atazunguka tu mahali pamoja. Ni maneno yake, mimi nayaandika tu.

Mikaeli amenishonea kanga iliyopasuka kwa uzi wa kushonea vidonda. Mishono saba, sawasawa kama mistari ya daftari. Nimeivaa kanisani nimeukunjua mshono nje ili watu wauone. Bibi Eunike alinong'ona kuwa nimekosa aibu. Nimekosa kweli.

Umeuliza habari za mguu wa kushoto. Mikaeli alisoma barua yako juu ya bega langu akaniuliza, "Lini ulimwandikia habari za mguu?" Nikamjibu kwamba bila shaka niliandika, mimi huandika mengi. Mguu umepona, kaka. Una kovu refu la mwiba wa mkonge.

Ama Simel, mambo yamekuwa makubwa. Anakuja kila siku, wa kwanza siku zote. Mwanzoni wagonjwa walikataa kukaa gogo moja naye. Walibanana upande mmoja mpaka gogo likainuka, naye akabaki juu kama mtu aliyepanda kilima. Kisha mama mmoja wa Kijenge, Nashilu, akapata wazo. Alimsogelea akamwuliza kwa upole, "Wewe uliyetoka kule. Umemwona mume wangu? Alisema jembe amelificha wapi?"

Simel akafikiri. "Sijamwona, mama. Kule ni kukubwa, na mimi ni mgeni."

Tangu siku hiyo hatuna nafasi ya kukanyaga. Watu wanakuja wazima kabisa. Mmoja anataka kujua baba yake alimpa nani ng'ombe wa madoa. Mwingine anataka kumtumia shangazi yake salamu na malalamiko. Kijana mmoja alileta mashahidi wawili. Wanajipanga mstari wao, mrefu kuliko wa dawa, na wagonjwa wa kweli wenye homa wanaambiwa wasisukume. Simel anawajibu wote jibu lilelile: hajamwona, ataangalia, kule ni kukubwa. Hajamdanganya hata mtu mmoja. Aliyetaka habari za ng'ombe alimwambia, "Sema tu ni wangu, marehemu mzima wewe unaogopa nini?" Akamjibu, "Nikisema uongo na nimekufa, nitatubu lini?"

Mimi nilicheka. Mikaeli hakucheka. Jioni aliniambia, "Tabea, hawa watu wanamhitaji akiwa amekufa. Kila anayemwuliza swali anamsukumia udongo." Ndipo nami nikaacha kucheka. Siku hizi, kabla hajafungua dirisha la dawa, Mikaeli anakaa naye kwenye gogo. Hampi kitu wala hamshauri kitu. Anamwuliza alilalaje, na mbwa yukoje. Kwenye kitabu anaandika Kidonda. Nilipomwuliza kidonda kiko wapi, akasema hajakipata bado, lakini anatafuta.

Bwana Daktari alimwona pia. Alimtia kinywani kijiti cha kioo cha kupimia joto, akasoma, akafurahi. "Thelathini na saba," akasema. "Mtu aliyekufa hana joto hili." Simel akamjibu kwa heshima, "Bwana, kijiti hicho umekitoa sasa hivi kinywani mwa yule mwanamke. Joto ni lake." Daktari akakiosha, akakipangusa, akampima tena. Thelathini na saba. Simel akasema, "Mwanamke yule ana homa kali."

Tatizo ni kula. Marehemu hali, ndivyo anavyosema, na anapungua kama mshumaa. Nimepata njia ya kumlisha, lakini sitaieleza. Wazee wa kanisa walitutembelea Alhamisi kwa jambo ambalo si la kuandikwa, na Mikaeli akasimama mbele yangu kama ukuta. Sijawahi kumpenda mtu hivi.

Hukujibu nilichokuuliza, kaka. Nani aliandika?

Tabea

~

Karibu na Korogwe, 20 Juni 1913

Mdogo wangu,

Marahaba. Ninaandika kwa haraka, maana kazi ni nyingi. Nilishikwa na homa wiki tatu, nimepona. Mnyapara wetu mkuu amepewa kofia nyekundu na sasa anaisalimu mwenyewe akiivua. Mvua imekwisha. Njia ya gari moshi imetengenezwa, kwa hiyo sina tena kisingizio hicho.

Nimelifikiria jambo la mtu wenu. Pengine mnakosea kutaka kumfufua. Marehemu haitwi kazini. Marehemu hapigwi viboko ishirini na tano. Askari hawaji nyumbani kwake, wala jumbe haambiwi atoe mtu mwingine wa kushika nafasi yake. Wapo watu huku wangefurahi kuandikwa hivyo. Kama analala kwake na mkewe anamwona, amekosa nini hasa? Jina ni neno tu.

Nimeiandika sentensi hiyo nikaisoma tena. Siifuti kwa sababu wino ni ghali.

Usiwatie hasira wazee wa kanisa. Msalimu Mama.

Thomasi

~

Kimandolu, 14 Julai 1913

Kaka Thomasi,

Shikamoo. Mama anakohoa kidogo lakini anapalilia. Mimi ni mzima, Mikaeli ni mzima, chumba chetu kinavuja upande wa miguu na tumegeuza kitanda, sasa kinavuja upande wa vichwa. Tunalala tumefunika nyuso kwa beseni moja. Nisingebadilishana na malkia.

Nitakueleza sasa lile nililoficha. Nilikuwa nikitengeneza loshoro, mahindi na maziwa mgando kama wanavyopenda kwao, naiweka kwenye jani la mgomba chini ya mimea ya masale ya uani, pale ambapo watu wasiobatizwa huwamwagia pombe wazee wao waliokufa. Nilifikiri: hatakula cha watu walio hai, lakini cha wafu ni haki yake. Naye alikula. Nikigeuka, kinakwisha. Miezi miwili aliishi kwa loshoro ya masale.

Ile Alhamisi wazee walikuja kwa fununu tu; safari hii Mwalimu Solomoni wa kanisa aliniona kwa macho yake nimepiga magoti nikiandaa jani. Akaita wazee. "Binti aliyesoma mpaka darasa la juu," akasema, "aliyefunga ndoa mbele ya madhabahu, anawatolea mizimu tambiko."

Mikaeli akasema, "Si tambiko, Mwalimu. Ni dawa. Iko kitabuni." Na kweli alikuwa amekwisha kuiandika: Loshoro, kibakuli kimoja, mara tatu kwa siku, chini ya masale.

"Na mgonjwa ni nani?"

"Ni marehemu."

"Basi ni tambiko."

"Basi, Mwalimu, ule wewe mbele yake, umwombe ale nawe kama mtu. Akikubali, mimi mwenyewe nitayang'oa masale."

Mwalimu alijaribu, kaka, nampa haki yake. Alikaa chini, akala vijiko vinne, akamkaribisha. Simel akamtazama kwa huruma, akamwambia, "Kula, Mwalimu. Wewe bado una safari." Masale yaling'olewa hata hivyo. Tangu siku ile Simel hajala isipokuwa maji yaliyochanganywa na maziwa kidogo ambayo Mikaeli humpa na kuyaita dawa. Ni siku ya tisa. Leo alifika wa pili. Hajawahi kufika wa pili.

Nanyori alikuja nyuma ya nyumba jana, amejitanda mpaka machoni. Aliniambia, "Mama Mikaeli," ingawa sina mtoto, "usiku ninamsikia anapumua. Ninazihesabu pumzi zake. Nikimwita, na kumbe kweli ni mfu, nitakuwa nimewaua wanangu. Nisipomwita, atakuwa mfu. Nifanye nini?" Nilimshika mikono.

Daktari naye amepata jibu lake. Amesema mwishoni mwa Agosti msafara unaondoka, na Simel atapelekwa Usambara, kwenye nyumba ya watu wanaougua akili. Anasema wanaotunza huko ni wema, nami naamini. Lakini mtu ambaye kwao wameshamlilia, nani atamfuata kumrudisha? Mikaeli alitumwa Boma kutafuta cheti cha safari, nikaenda naye, maana sipendi aende mbali nisipomwona, na Simel akatufuata. Karani wa Boma alifungua orodha akasema, "Marehemu hapewi cheti."

"Lakini yu hai," Mikaeli akasema. "Yuko nje, ameegemea mti."

"Akiwa hai ametoroka kazini. Nitampa cheti, na mnyororo."

"Hakuna njia nyingine?"

Karani alikuwa mtu wa kusaidia. Akafikiri, akasema, "Naweza kumwandika kama mzigo. Mzigo mmoja, kilo arobaini na tano. Usifunguliwe njiani."

Daktari amekubali. Amesema ni karatasi tu.

Tukaenda kwa Mzee Lerionka, mimi, Mikaeli na jumbe, tukimwomba alirudishe jina. Mzee alitusikiliza, akanywa, akasema kwamba kwao aliyeleta kilio ndiye anayeweza kukiondoa: aje alipolitupa jina, alitwae kwa kinywa chake, alirudishe. Jumbe akasema, "Basi ni mimi niliyeleta. Naondoa."

"Ulimwona akifa?" Mzee akamwuliza.

"Hapana. Niliambiwa Boma."

"Basi wewe ulibeba tu. Punda hawezi kurudisha mzigo asioujua."

Karani wa Boma naye aliitwa, akaja akilalamika, akasema yeye alisoma karatasi. Mzee akasema, "Basi nileteeni karatasi." Nasi tukaileta, akaigeuza huku na huku, akainusa. "Hii haina mdomo," akasema. "Aliyeiandika ana mdomo. Mleteni huyo."

Nami niliishika karatasi hiyo, kaka. Majina kumi na moja, na mbele ya kila jina neno moja. Mikaeli alisema, "Karani huyu ana mwandiko mzuri. Tazama anavyoivuta miguu ya herufi." Nikasema ndiyo, makarani wengi siku hizi wanaandika hivyo. Nilikuwa na miaka sita uliponifundisha kuivuta miguu ya herufi, kwa mkaa, kwenye ukuta wa jiko la Mama. Sikusema zaidi, na sikuulizi tena lile swali. Nakueleza tu kwamba msafara unaondoka mwishoni mwa Agosti, na kwamba Simel ana mke anayehesabu pumzi zake.

Usiku nililia, Mikaeli asijue sababu. Hakuniuliza. Aliimba sauti ya tatu mpaka nikalala.

Wako daima, hata iweje,
Tabea

~

Karibu na Korogwe, 6 Agosti 1913

Tabea, mdogo wangu,

Marahaba. Sina salamu ndefu. Mwambie Mama kikohozi chake kipikiwe tangawizi.

Ni mimi.

Kila alfajiri mimi husimama mbele ya watu mia mbili na arobaini nikiita majina. Mtu akiitika, namtia alama. Asipoitika siku tatu, daftari langu nalo lina nafasi kama kitabu cha shemeji, ila zangu ni mbili tu: Ametoroka, Amekufa. Mwiba ulimwingia Simel mguuni, mguu ukavimba, mnyapara akasema anajifanya. Siku moja niliita, hakuitika. Ya pili, hakuitika. Ya tatu niliambiwa ameonekana barabarani akichechemea kuelekea magharibi. Nikiandika Ametoroka, askari wangemfikia kabla ya jua kuzama, kwa mguu ule. Nikaandika Amekufa. Nilijiona mwema. Nilikula vizuri jioni ile. Kisha nikagundua kwamba ni rahisi sana, nikawaandika wengine kumi. Wale wote kumi na moja walikuwa hai nilipowaua.

Utasema sikujua desturi za kina Mzee Lerionka. Tumekulia jirani nao, Tabea. Nilijua. Ila nilijiambia kwamba Simel akifika tu, watu watacheka, watachinja. Barua yako ya kwanza ilipofika nilikaa nayo nyuma ya ghala nikatafuta maneno, nikayapata ya viatu. Niliogopa viboko. Niliogopa zaidi wewe ujue. Sasa umejua, na umenifichia siri kwa mume wako wa miezi sita, jambo ambalo sikustahili. Mwambie. Mwambie leo.

Juzi nilikwenda kwa Bwana mwenye shamba nikamweleza. Alicheka sana juu ya mfu anayepewa chumvi ya kuharisha. Kisha akauliza wale kumi wako wapi, na hakucheka tena. Kazi sina. Viboko nilipata kumi na tano; alisema kumi ananisamehe kwa ajili ya mwandiko. Nimeandikiwa barua ya kwenda Boma ya Arusha, inayosema Simel aliachishwa kazi kwa ugonjwa wa mguu na kwamba karani alikosea. Nimeiandika mwenyewe, yeye ametia sahihi. Kama Bwana Mkubwa wa Boma hataridhika nayo, kuna mtu wa kufungwa, na huyo hatakuwa Simel.

Sijui kama ataniitikia. Nimelala kifudifudi siku mbili nikilifikiria hilo. Pengine atanitazama kwa huruma kama alivyomtazama Mwalimu. Lakini alikuwa kwenye daftari langu miezi minane, na kila alfajiri sauti aliyoisikia kabla ya sauti nyingine yoyote ilikuwa yangu, ikiita jina lake na la baba yake, naye akiitika "Naam" akiwa bado na usingizi. Si daktari mimi. Ninachojua ni kuita majina. Nitasimama langoni kwa Mzee Lerionka kabla hakujapambazuka, na nitaita kama nilivyokuwa nikiita huku. Asipoitika, nitaita kesho yake. Siku ya tatu asipoitika, sitaandika kitu. Nitaita siku ya nne.

Mwambie Nanyori aendelee kuhesabu. Mwambie Mikaeli amzuie Daktari na mzigo wake kwa njia yoyote, hata kwa kumficha nyumbu. Na kama atanitia kitabuni nikifika, mgongo wangu ni Kidonda, asihangaike kutafuta nafasi nyingine.

Nitapanda gari moshi Jumatatu mpaka Moshi, halafu nitatembea, taratibu, kwa sababu ya mgongo. Kabla mwezi huu haujaisha nitakuwa nimefika kwenu.

Kaka yako,
Thomasi